Kiini Chembamba cha Kulthumu

Mkamwana wangu Kulthumu ni mtoto wa Nyamugari, mjini Gitega. Baba yake, Zuberi, alitengeneza redio. Binti alishika koleo kabla ya kushika kalamu. Mwanangu Audax alipotaka kumwoa, nilikataa. Sisi Wakristo, wakulima wa Butihinda, tulikuwa tumerudi juzi tu kutoka Tanzania, nyumba haina hata mlango. Mke wangu Theodosia akasema, "Mlango tutapata, Nazario. Mtoto kama huyu hatutapata tena." Yakaisha.

Theodosia alifariki mwaka jana, wakati wa kuvuna maharage. Sitasema mengi.

Mimi ni zamu kwenye zahanati yetu; nalinda na kufagia. Wodi ya wazazi iko upande huu wa korongo, maabara upande ule. Kila jengo lilikuwa na mtandao wake wa kompyuta, umewekwa na watu wake, na mitandao hiyo haikusikilizana. Nesi alikimbia na karatasi ya majibu ya damu, mvua ikinyesha au isinyeshe. Kulthumu, ambaye kazi yake Gitega ni kompyuta, akasema atatengeneza daraja: kisanduku kidogo kama Biblia, kinachopokea maneno ya mtandao mmoja na kuyavusha hadi wa pili.

Kisanduku kilikuwa cha zamani, kumbukumbu yake ndogo. Kiini, yaani ile programu inayoamsha mashine na kuiamuru, hakikuenea humo. Akakaa mezani kwangu siku nne akikipunguza.

"Hiki cha nini?" nikauliza.

"Cha kupiga muziki, Baba."

"Daraja linaimba?"

"Haliimbi. Basi kinatoka."

"Na hiki?"

"Cha kuchapisha karatasi."

"Karatasi si ndiyo tunaikimbia?"

Alicheka mpaka chai ikamwagika. Alitoa vitu mia na mia. Mara moja alitoa na kile kinachosoma kumbukumbu yenyewe, kisanduku kikakataa kuamka. Akakirudisha bila kulalamika. Siku ya nne kiini kilienea na nafasi ikabaki. Kiliamka kabla sijamaliza Baba Yetu.

Tukakiweka kwenye kabati la wodi. Letisia wa maabara alituma majibu ya damu, yakafika bila mtu kulowa. Nesi Gaudensia, mkuu wa zahanati, akapiga vigelegele. Habari ikafika Muyinga mjini. Wakubwa wakasema: kikidumu mwezi mzima, Kulthumu apewe zahanati nyingine tisa. Kisipodumu, kazi ni ya Longino, fundi wa mjini mwenye mashine kubwa.

Kulthumu akarudi Gitega. Wiki ya tatu mtandao ukafa, pande zote mbili. Akaitwa. Longino naye akaja, viatu vyeupe.

"Bon, nilisema mimi," Longino akaanza mbele ya watu wote. "Kiini amekikondesha mpaka kimekufa njaa. Dada, we unasonga ugali bila unga?"

"Ngoja nitazame," akasema Kulthumu.

Akafungua kabati. Akatazama. Kisha akaweka kiganja juu ya kitu, akakifunika.

"Alors? Iko nini?" Longino akauliza.

"Labda mi ndio nilikosea," akasema polepole. "Mnipishe kidogo, nibaki peke yangu."

"Peke yako, upate kuficha? Non. Toa kisanduku chako."

"Kulthumu, jitetee basi," Gaudensia akamsihi.

Hakujitetea. Mwanamke huyu akibishana na wauza nyanya wa Gitega, humwachia na kikapu. Leo akazidi kukandamiza kiganja pale pale.

Nikasogea. Chini ya kiganja chake nikaona ncha ya kitambaa cha kijani. Ni kipande cha kitenge cha Theodosia. Siku chache nyuma, nikifagia, niliona waya ya akiba inayotoka maabara inaning'inia kabatini. Sipendi kitu kining'inie. Niliichomeka kwenye tundu tupu la mtandao wa wodi, nikaifunga vizuri kwa kitambaa hicho. Kulthumu alikijua kitambaa. Kwetu mkamwana hamwaibishi baba mkwe mbele za watu. Alikuwa tayari kupoteza zahanati tisa.

"Ondoa mkono, mwanangu," nikasema. "Waya hiyo niliichomeka mimi."

"Baba, acha tu."

"Siachi."

Nikaichomoa. Taa za kisanduku, zilizokuwa zikitetemeka kama zina homa, zikatulia. Letisia akaita kutoka ng'ambo kwamba mtandao umerudi.

Ndipo Kulthumu akaeleza, macho chini. Waya yangu ilifungua njia ya pili kati ya mitandao ile ile. Neno lilivuka daraja, likarudi kwa njia yangu, likavuka tena, bila kuchoka, mpaka neno jingine likakosa pa kupita.

"Kumbe mzee ndiye ameua!" Longino akacheka.

Kulthumu akainua macho.

"Mzee hana kosa. Ndani ya kiini mi niliacha kitu cha kufunga njia ya pili, nikasahau kukiwasha. Hilo ni langu. Lakini njaa hakina. Ona sasa."

Akafungua kompyuta yake, akaandika mstari mmoja. Akanigeukia.

"Baba, chomeka tena."

Mkono wangu haukutaka. Nikachomeka.

Taa zilitulia vilevile. Gaudensia akapaza sauti kuvuka korongo, "Letisia, tuma majibu!" Akainama kwenye kompyuta ya wodi, akanyoosha mgongo. "Yamefika. Muyinga nitawaambia mimi: huyu ndiye atakayekwenda kwenye zile tisa."

Longino akachungulia kabatini muda mrefu, mikono nyuma.

"Huyu ni mkamwana wangu," nikamwambia, ingawa alijua.