Alama za Penseli kwenye Redio ya Tajiri

Nilifuta alama za penseli kwenye uso wa redio ya tajiri wangu kwa sababu nilidhani ni uchafu. Nilitumia kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, nikarudia pale palipobaki kivuli, kisha nikavigeuza vifundo vyake vyote vya kuzungusha vitazame juu, sawasawa, kama askari wa gwaride. Nilirudi nyuma nikaitazama, nikaona imependeza.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, katikati ya majira ya mvua. Tajiri wangu alikuwa Mhindi mwenye duka la pampu za maji na vipuri mjini Dodoma. Serikali ilimpa leseni ya kuzungumza kwa redio na wapenzi wa redio kama yeye, wa Nairobi, wa Bombay, hata wa Ulaya, kwa raha tu. Redio yenyewe, ya kupokea na kurusha sauti, ilikaa chumba cha nyuma ya duka. Nyingine ndogo aliifunga kwenye lori lake. Mkewe naye alikuwa na leseni. Mimi, kijana wa dukani niliyetoka Kondoa, sikuruhusiwa kusema ndani yake. Kazi yangu ilikuwa kuiwasha, kuipangusa vumbi, na kuitafuta sauti ya tajiri akiwa safarini.

Hakuna aliyenifundisha, na kosa ni langu, kwa kuwa sikuuliza. Kiingereza nilikiokota kwenye katalogi za pampu na kamusi isiyo na jalada, nikawa naona aibu mtu ajue kuna neno kwenye ile redio nisilolielewa. VOLUME nililijua. Lakini ANT, kamusi iliniambia ni sisimizi, nikanyamaza na sisimizi wangu. RF GAIN haikuwamo kabisa. Nilichogundua ni kwamba ukikirudisha kifundo hicho kushoto, ule mvumo wa redio, kama mtama unaopepetwa, unakwisha. Nikaamua mwenyewe kuwa kazi yake ni kuondoa kelele, na mimi kelele siipendi.

Juma lile tajiri alikuwa Kibakwe pamoja na kaka yangu, wakifunga pampu. Alasiri saa kumi, saa yao ya kuita, alituambia kwamba bomba limemwangukia kaka mguuni na mfupa umevunjika. Barabara ya Mpwapwa ilikuwa imekatwa na maji. Njia iliyobaki ni kumbeba kwa machela mpaka Gulwe, kwenye reli.

"Niulizieni stesheni garimoshi la mizigo litasimama Gulwe lini," alisema. "Kesho saa kumi mnijibu. Simtoi huku kabla sijajua, asije akalala mvuani."

Jioni ile ile stesheni walisema litapita keshokutwa alfajiri. Jibu lilikuwa fupi hivyo. Kesho yake asubuhi, kwa hofu ya kungoja saa kumi, nilifanya ninalofanya kila nikiwa na hofu: nikasafisha.

Saa kumi ilipofika redio ilikuwa kimya, kimya safi kabisa. Mama, ndivyo nilivyomwita mke wa tajiri, aliita kwenye kipaza sauti mpaka sauti ikamkauka.

"Wewe, jana ilisema. Leo ina nini?"

"Mvua, Mama. Mawimbi hayapiti."

"Na mvua ya jana ilikuwa ya wapi, ya Bombay?"

Nilikuwa nimeshajua. Nilipokigusa kifundo cha ANT, macho yangu yalitafuta ule mstari wa penseli ambao, sasa nilikumbuka, tajiri huufuata, nikakiona kitambaa changu kimeanikwa dirishani.

Shemeji yangu, mke wa kaka, alikuwa ameketi barazani tangu mchana, mtoto mgongoni.

"Shemeji, wamesemaje?"

"Bado. Ni hali ya hewa tu."

"Si wewe ndiye fundi wa hiyo? Kaka yako anakusifu mpaka ukweni."

"Kesho itasema."

"Haya. Asante, shemeji."

Hadi leo shukrani ile inaniuma kuliko tusi. Nilijifungia na redio, nikazungusha peke yangu mpaka giza likaingia, nikitaka niitengeneze kabla mtu hajajua. Kila mvumo ulipopanda niliushusha, maana niliitafuta sauti ya tajiri ndani ya ukimya.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nafagia mbele ya duka niliposikia honi ya garimoshi la mizigo likiingia kutoka upande wa Gulwe. Nilijua kaka hakuwamo. Niliuegemeza ufagio ukutani nikaenda kwa Mama.

"Mama, si mvua. Ni mimi. Nilifuta alama za penseli za tajiri."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu jana."

"Na yule dada pale nje unamwambia mvua."

"Ndiyo, Mama."

Hakupaza sauti. Alivuta kigoda akaketi mbele ya redio. "Mimi haya maandishi sijui. Najua masikio tu. Mume wangu akianza, kwanza anaifanya ipige kelele. Kisha anazungusha hiki, polepole, mpaka ile kelele inakuwa kubwa kuliko zote. Hapo anatia penseli. Mimi namwambia kila siku, mzee, unaniumiza kichwa. Wewe hukusikia?"

"Nilisikia. Nilidhani ameshindwa kuinyamazisha."

"Basi wewe umeweza. Umeiogesha, umeinyamazisha, imebaki kuizika."

Nilikifungua kifundo cha RF GAIN kulia, mvumo ukajaa chumba kizima, na kila kidole changu kilitaka kuurudisha. Nikazungusha ANT. Mahali pamoja kelele iliumuka kama mvua inayofika kwenye bati, ikashuka, nikairudia. Kumbe kifundo kile kilikuwa cha kupatanisha redio na antena, ule waya ulioning'inia nje. Kumbe kile cha RF GAIN, nilipokifunga ili kelele zisiingie, nilikuwa nimemfungia nje na tajiri pia.

Saa kumi alikuja, sauti yake imechoka. "Jana niliita mpaka betri ya lori ikakaribia kufa. Mguu umevimba sana. Garimoshi linapita lini?"

Mama alinitazama kabla hajabonyeza kipaza sauti. "Limepita leo," alisema. "Lingine mwisho wa juma."

Nilitoka barazani nikamwambia shemeji yote. Alimhamisha mtoto kutoka mgongoni akamweka mapajani.

"Leo usiniite shemeji," alisema.

Kaka aliletwa na garimoshi la mwisho wa juma. Hospitali walisema uvimbe ulikuwa umezidi, na mfupa wakauunga walivyoweza, si ilivyotakiwa. Anachechemea. Shemeji tumerudi kusalimiana, ila akitaka habari yoyote ya kweli humuuliza mtu mwingine. Mimi bado napenda vitu vikae sawa, hilo halijaniishia. Kilichobadilika ni kimoja: nikiharibu kitu sasa, humwambia mwenye kitu kwanza, ndipo ninapokitengeneza.