Gundi Nyeupe na Mtori wa Mama

Aibu nyingine hazina dawa, jamani. Yangu inanirudia kila nikisikia harufu ya mtori.

Mimi ni fundi wa kukereza. Nabandika vipande vya mbao za rangi tofauti viwe kipande kimoja kinene, nakifunga kwenye mashine pale Sombetini, kikizunguka nakichonga bakuli. Kazi yote inategemea gundi. Ile ya makopo mawili, ya kuchanganya, haiogopi maji wala moto, ila inaacha mstari wa kahawia kwenye maungio. Gundi nyeupe haiachi alama, ila haiwezi supu. Nayajua hayo vizuri tu. Lakini bakuli lililonitia aibu lilikuwa la mnada wa mavuno, kanisani kwetu juu ya Kikatiti, na nilitaka vipande vya mninga na mringaringa vikutane kama vimezaliwa pamoja. Nani atakula kwenye kitu kizuri hivi? Wataweka maua. Kupenda sifa, bwana! Nikapaka nyeupe.

Aliyelinunua ni baba. Mzee wa kanisa, aliyesema miaka yote kwamba kazi ya mbao si ya binti, akashindana bei na wenzake kwa sauti mpaka watu wakacheka. Akamkabidhi mama palepale, mbele ya usharika mzima. Na mama hana desturi ya kuweka maua.

Jumapili iliyofuata akaalika kina mama wa kanisa, akamimina humo mtori wa ndizi unaotokota. Nilikuwepo mezani. Ungio moja likaachia, kisha bakuli likafunguka lote, mtori ukatapakaa kwenye kitambaa. Nikafungua mdomo niseme ni gundi. Baba akaniwahi.

"Mama, haraka yako hii! Mtoto katengeneza kitu cha maana, wewe unakimwagia moto!"

Alikuwa ananikinga mimi. Mama akainama kufuta, anawaomba radhi wageni: "Poleni jamani, ni mikono yangu hii." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tulipobaki wawili jikoni nikamwambia. "Mama, si wewe. Nilichagua gundi isiyofaa, nikijua, kwa ajili ya urembo tu."

Akacheka. "Usinitetee, mwanangu. Fundi kama wewe akosee gundi?"

Nikaapa. Akanipa sufuria nisugue.

Nikamkerezea lingine, la gundi ya makopo mawili, mistari ya kahawia imejaa tele. Nikalijaza maji ya moto mbele ya macho yake, likatulia tuli. Akanishukuru, akalipangusa, akaliweka kabatini.

Juzi nilimkuta na wageni. Bakuli langu lipo mezani, tupu. Sufuria ya mtori imeepuliwa zamani, imefanya utando juu, na mama bado anaipepea kwa mfuniko.

"Mama, si utupatie ungali wa moto?" mgeni mmoja akamtania.

"Vumilieni kidogo," mama akasema. "Safari hii simharibii mwanangu kazi yake."

Tukanywa mtori wa baridi, sote.