Kigoda cha Kanisani

Nilipoingia kutembelea abasia ile kubwa ya Ulaya, harufu ya nta na baridi ya mawe vilinipokea mlangoni, nami nikakumbuka kigoda.

Kule kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, kila mtu alikwenda kanisani na kiti chake. Kwa hiyo Jumapili yetu ya kwanza baada ya kurudi nchini kwetu, Muyinga, nilibeba kigoda changu kichwani hadi parokiani, nikaingia nacho. Ndani mlikuwa na mabenchi yanayong'aa kwa nta. Watu wakageuka kunitazama.

"Huyu iko na kiti yake," bibi mmoja alisema, akacheka kwa upole. "Hapa benchi iko, mwana wanje, mtoto yangu. Weka hiyo chini, ukae."

Nikamtafuta mama yangu kwa macho. Alikwisha kuketi, uso wake umeelekea altareni, na kwa kisigino alikuwa akikisukuma kigoda chake, alichokifunga kwenye kitenge, taratibu chini ya benchi.

Mimi changu nilikipakata hadi misa ikaisha.

Mlinzi wa abasia alinionyesha safu za viti, vyote vitupu, akaniambia nikae popote. Niliketi kwenye cha mwisho, karibu na mlango, begi langu nimelipakata.