Umekuja Kuposa au Kusuta?

Usiku ule nililala na kijiba cha roho, sifichi. Shaibu, rafiki yangu niliyeacha naye shule kidato cha pili, alikuwa amekubaliwa riwaya yake. Mhariri alikuja Tanga kutoka Dar kutafuta waandishi, Shaibu akamweleza kitabu chake kwa maneno mawili matatu, mama wa watu akasema, "Niletee." Nilimkumbatia Shaibu kumpongeza. Nadhani nilikaza kidogo, maana alikohoa.

Kesho yake ilikuwa zamu yangu. Dakika chache, mdomo mtupu, niseme riwaya yangu inahusu nini. Nikikosa hapo, mswada unabaki kwangu panya wausome.

Basi nikaota nimesimama mbele ya yule mhariri. Ananitazama juu ya miwani.

"Karibu kaka. Riwaya yako inahusu nini?"

Nafungua mdomo, natoa nini? "Ile ya Shaibu umeifikisha mwisho kweli? Mpelelezi wake hata kuuliza swali hajui!" Nataka kunyamaza, mdomo unateremka kama baiskeli isiyo na breki.

Mara meza haipo. Tumekaa mkekani, udi unafuka, mhariri kajitanda kanga, wazee wamemweka katikati. Kumbe ni posa. Na ubavuni mwangu kakaa Mjomba Kombo, tuliyemzika mwaka jana, na koti lake lilelile la kuendea posa juu ya kanzu. Uhai wake alikuwa mshenga wa mtaa mzima. Hata mimi na sura hii alinipatia mke. Siogopi. Nafurahi, nimepata wa kunisemea.

"Mjomba, nisemee."

"Mimi nimekufa. Sema mwenyewe."

Nasema. Shaibu kabebwa. Shaibu mapenzi hajui kuyaandika, hata kupenda kwenyewe anababaisha. Nyuma ya pazia wanawake wanacheka, nje ngoma inaanza, vigelegele. Najitazama: nimevaa kanga za sare, kibwebwe kiunoni, mkono juu, kama mwanamke aliyekwenda kumsuta jirani mlangoni kwake!

Mjomba hacheki.

"Umekuja kuposa au kusuta?"

Ngoma ikakatika. Mjomba akanisogelea, akanena taratibu, pumzi yake ina baridi.

"Nimeposea vijana wengi. Sijawahi kumtaja kijana wa nyumba ya pili. Wako umemwacha nje juani, hata jina hujamtaja."

Nageuka. Mlangoni kasimama Bi Tatu, mwanamke wa riwaya yangu, na ndoo yake mkononi. Ananisubiri mimi. Namrudia Mjomba nimuulize nianzie wapi, mkeka mtupu.

"Baba Asha! Baba Asha, amka!" Mke wangu ananitikisa. "Shaibu, Shaibu, Shaibu! Shaibu kakufanya nini?"

Kunapambazuka. Wivu upo bado, umekaa kifuani kama kiporo cha maharage. Nikaumeza.

"Sikiliza," nikamwambia. "Bi Tatu ni mwosha maiti. Mumewe alimkimbia miaka mingi, talaka hakumpa. Leo kaletwa maiti, na ndugu wanataka mkewe ndiye amwoshe."

Nikanyamaza. Kunyamaza kwangu mimi, huo nao muujiza.

Mke wangu alikuwa ameshashusha miguu kwenda kuwasha jiko. Akairudisha kitandani.

"Ehe," akasema. "Akamwosha?"