Pengwini wa Kona

Mwokaji wetu tunamwita Shangazi, ingawa hana mpwa hata mmoja pale dukani. Ana miaka hamsini na mitatu, mikono imejaa makovu ya trei, na amechoka. Sisemi ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Huu umeingia mifupani. Akitoka kazini saa saba mchana anakwenda kumpokea zamu jirani anayemwangalia mama yake asubuhi. Anamgeuza mama kitandani, anamwosha, anamlisha uji, na alfajiri anarudi kukanda unga. Huu mwaka wa nne. Mdogo wake, mwalimu wa shule ya msingi, anakaa mitaa miwili kutoka hapo. Huja Jumapili kumsalimia mama, amependeza, na baada ya nusu saa anaaga. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mimi nauza dirishani na mdomo wangu hauna breki. "Mwambie mpokezane," nimemwambia mara mia. Hujibu, "Nitamwambia."

Basi juzi mwalimu akaja dirishani. "Dada, naomba pengwini kumi na sita wa mkate. Nataka tuwachezeshe kama vikaragosi, watoto waone wanavyohimili baridi."

Shangazi alikuwa anasinzia juu ya gunia la unga. Akasema sawa. Nilikasirika hadi nikamrudishia mteja chenji kwa kuitupa.

Aliwaoka vizuri lakini. Migongo aliitia kakao ikawa myeusi, kisha akaikatakata kwa ncha ya mkasi, unyoya ukalalia unyoya ili upepo usipite. Chini ya manyoya akaweka tabaka nene la siagi, ndiyo mafuta ya mwili. Kila mmoja akamchomeka kijiti.

"Leo namwambia," alisema tukibeba trei kwenda shuleni. "Achukue hata siku tatu za wiki. Nisipomwambia leo nitaanguka."

Darasani alichuchumaa nyuma ya meza iliyofunikwa shuka, akiwachezesha, mwalimu akisimulia. Mwalimu alimkata mmoja, watoto wakaiona siagi, wakamaliza pengwini mzima kabla hajaeleza. Waliobaki Shangazi aliwabananisha kwenye trei.

"Wakikaa hivi wa katikati wanapata joto," mwalimu alisema. "Wa pembeni wanapigwa na baridi. Kwa hiyo wanabadilishana. Tazameni!"

Shangazi akafanya alichokifanya maisha yake yote ili mikate iive sawasawa: akaigeuza trei, mbele ikawa nyuma.

"Mwalimu," msichana wa dawati la mbele akasema, "yule wa kona bado yuko kona."

Kweli. Kwenye tanuri lenye moto upande mmoja inatosha. Kwa pengwini haitoshi.

Mwalimu alicheka. "Huyo ana nguvu. Anaweza."

Pengwini wa kona alianza kutikisika. "Siwezi," ikatoka sauti nyuma ya shuka. Watoto wakacheka sana. "Siwezi tena. Miaka minne nimesimama huku peke yangu. Nataka mtu anishikie zamu, nilale."

Kicheko kilikatika. Msichana yule aliinuka, akamchomoa pengwini wa kona akamweka katikati, kisha akauliza, "Sasa nani aende kona?"

Mwalimu alizunguka meza akamkuta dada yake ameketi sakafuni, machozi yanamtoka, vijiti bado mkononi. Mimi nilisimama mlangoni na trei tupu.

"Dada, mbona hukuniambia?"

"Si nimekuambia."

Mwalimu akakaa naye sakafuni, na sketi yake iliyopigwa pasi. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, kwa aibu, "Mama anageuzwa saa ngapi?"

"Saa nane," Shangazi akasema. "Saa kumi na mbili. Saa nne. Saa nane ya usiku. Halafu kabla sijatoka."

Mwalimu alichukua kalamu akaanza kuandika kiganjani, na kiganja hakikutosha.