Beji ya Babu Ilikuwa Mfukoni Mwangu

Msinionee huruma. Nilifanya unyama, na naomba tu mnisikilize hadi mwisho.

Mimi hukusanya beji za wanajeshi wa zamani. Babu mzaa mama alikuwa katika kikosi kilicholinda pwani kwa mizinga wakati wa vita vya Hitla. Beji za kola za kikosi hicho huvaliwa mbili mbili, mzinga mmoja ukiutazama mwingine. Mimi nilikuwa na ule wa kushoto. Wa kulia ulikuwa kwenye koti la babu, kule Mitunguu. Nilimwomba miaka sita!

"Nitazikwa nayo," alinijibu akicheka. "Wewe ulishika mzinga lini?"

Akafa. Siku ya mazishi, watu wakipita kumuaga, niliinama juu ya jeneza nikijifanya nalia, nikaing'oa. Jamani, tamaa!

Kabla ya kufunga jeneza, mjomba Kirimi aliona kola iko tupu. Macho yote yakamgeukia Mutegi, mfanyakazi aliyemuuguza babu na kumwogesha mpaka mwisho.

"Si ni wewe ulivalisha mzee koti? Toa hiyo kitu!"

"Haki ya Mungu, Kirimi, mimi sijachukua. Nilifunga vifungo nikaacha iko hapo. Si munisachi!"

Walimsachi mifuko yote wakakosa. "Ameshaificha!" mtu akapiga kelele. Kofi la kwanza likatua. Kisha wakakimbilia miti ya kuegemezea migomba, wakamwangukia nayo mgongoni, mikononi, kichwani. Akaanguka, shati likamfunika uso, damu ikalowesha kitambaa. Nami nimesimama pale, beji mfukoni!

Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Lakini mtu akasema, "Hata wajukuu wasachiwe." Nikaruka katikati, nikampiga Mutegi teke la uso kwa nguvu zangu zote, nionekane nina uchungu kuliko wote. Nilihisi kitu kikipasuka chini ya kiatu.

Lilikuwa jicho.

Hakuna aliyenisachi. Katekista aliyekuja kuongoza ibada alipowazuia, mimi ndiye niliyempakia Mutegi kwenye pikapu na kumpeleka hospitali. Jicho halikupona. Mkono wa kulia nao haukunjiki tena, na kazi ya shamba imemshinda.

Beji ziko mezani kwangu, zimekamilika. Nikiziangalia natapika!

Juzi nilikutana naye Nkubu sokoni. Akanishika mkono kwa ule wake mzima. "Mungu akubariki," akaniambia. "Hiyo siku wote walinitupa. Ni wewe peke yako ulinisaidia."

Nikaitikia, "Amina." Mimi!

Ndugu yangu, ukisikia watu wanamwita mtu mwizi na kitu kiko kwako, kitoe hapo hapo, hata wakikugeukia wewe. Afadhali vidonda vya mwili kuliko hiki cha moyoni. Usingoje upate ujasiri kesho. Mimi nimengoja miaka, na hata hapa nimeogopa kuandika jina langu, na ya wengine nimeyabadilisha, maana mtu anaweza kumsomea Mutegi haya.