Meder Aliyekwenda Kusomea Mifugo

Kaka yangu Meder alifika miaka kumi na minane bila kumkatalia mtu neno. Si kwamba alikuwa mwoga. Alipanda farasi ambao baba mwenyewe aliwakwepa. Ila mkubwa akimwambia kaa, alikaa. Akimwambia kula, alikula, hata kama ametoka kula nyumba tatu. Kuna siku mzee mmoja mpita njia alimfananisha na mpwa wake, akamkabidhi gunia la viazi alipeleke kwao. Meder alilipeleka. Kwao kulikuwa mwendo wa saa nne.

Mwaka alipomaliza shule, baba aliamua kwamba atakwenda mji mkuu, Bishkek, kusomea udaktari wa mifugo. Meder aliitikia ndiyo. Kijiji kizima kilifurahi, kwa sababu daktari wetu wa mwisho alikuwa amehamia Urusi, na tangu hapo ng'ombe walitibiwa na Mzee Satar, ambaye dawa yake ya kila ugonjwa ilikuwa chupa ya vodka: nusu kwa ng'ombe, nusu kwa mganga.

Tulichinja kondoo. Wazee walikunjua viganja, wakamwombea njia nyeupe, yaani safari ya heri, wakapangusa nyuso. Mama alimfungia godoro la pamba, siagi iliyohifadhiwa ndani ya tumbo la kondoo lililokaushwa, na mifuko miwili ya kurut, vile vidonge vya maziwa makavu vinavyoweza kuvunja jino. Baba alimvika kofia nyeupe ya sufu, mpya kabisa.

"Usiivue mbele ya watu," alisema.

Alikuwa na maana ya wakati wa sherehe. Hakufafanua.

Chuoni, mwezi wa nane, kulikuwa na ukumbi mrefu wa kuandikishia wanafunzi, wenye meza nyingi. Meza ya mifugo ilikuwa na karatasi iliyoandikwa: Nimekwenda kula. Meder alisimama mbele ya karatasi ile kwa heshima. Kwenye meza ya jirani alikaa mama mwenye miwani, hana mteja.

"Anayefuata!" mama akaita.

Meder aligeuka nyuma. Hapakuwa na mtu.

"Wewe mwenye kofia. Umekuja kusoma au umekuja kunitazama?"

"Kusoma, mama."

"Basi lete karatasi zako."

Akampa. Mama aligonga mihuri mitatu, pa, pa, pa, akamtakia masomo mema. Ndipo Meder alipouliza kwa adabu pale ni meza ya nini.

"Ukutubi," mama alisema. "Mambo ya maktaba. Mwaka huu wewe ndiye mwanamume wa kwanza. Hongera."

Meder alishukuru. Alikwenda kukaa kwenye benchi nje akalifikiria jambo hilo kwa muda wa saa moja. Kurudi na kumwambia mtu wa umri wa mama yake kwamba mihuri yake mitatu haina kazi, aliona ni utovu wa adabu. Alipiga simu duka la kijijini, baba akaitwa.

"Nimepokelewa, baba."

"Vizuri," baba alisema, akakata, kwa sababu mambo yote yalikuwa yameshasemwa.

Mimi nilitumwa mjini mwezi wa kumi, nimpelekee nyama ya farasi. Nilimtafuta kwenye majengo ya mifugo asubuhi nzima. Hakuna aliyemjua. Mwishowe mlinzi mmoja aliniuliza, "Yule wa kofia?" akanionyesha jengo jingine kabisa. Nilifungua mlango wa darasa. Walikuwamo wasichana ishirini na watatu, na nyuma kabisa kofia nyeupe ya sufu imeinamia sanduku la vikadi vya orodha ya vitabu.

Tulitoka nje.

"Meder, ng'ombe wako wapi?"

"Kaa chini, Aisuluu, nitakueleza."

"Nimekaa."

"Nilikosea meza."

"Ulikosea meza mwezi wa nane. Huu ni mwezi wa kumi."

"Yule mama alikuwa ameshagonga mihuri."

Nilicheka mpaka watu wakasimama. Yeye alinisubiri nimalize, kama anavyosubiri kila kitu. Kisha akaniambia habari za mji. Wiki ya kwanza alimwamkia kila mtu mzima aliyepishana naye barabarani, na kila siku alichelewa darasani. Walioitikia walikuwa wawili. Mmoja alimwomba sigara. Bwenini walikuwa wanne chumba kimoja, na kurut zote ziliisha siku nne, kwa kuwa wenzake walikuwa wakiuliza, "Tuchukue?" naye hakuwa na namna ya kusema hapana. Wiki ya pili alifunga mizigo arudi nyumbani. Alifika kituo cha mabasi. Basi la Naryn, upande wa kwetu, lilikuwa limejaa, kondakta akamwambia, "Njoo kesho." Kesho yake alikuwa na darasa.

"Una upweke?" nilimwuliza.

"Nilikuwa nao," alisema. "Njoo nikuonyeshe kitu."

Alinipeleka maktaba, chini, kwenye vyumba vya rafu. Alisema kuna vitabu mle ambavyo havijafunguliwa tangu vije, na vingine vimewekwa mahali si pake, vimepotea humo humo ndani miaka thelathini. Alikuwa amekwishavirudisha sitini na kimoja. Aliniambia nitaje kitu chochote. Nikasema nyuki. Alikwenda kwenye sanduku, akavuta kikadi, akaenda moja kwa moja rafu ya mwisho gizani, akarudi na kitabu cha nyuki. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyempata farasi wake aliyeibiwa.

"Wewe unaipenda hii kazi," nilisema.

"Baba ataniua."

"Hatakuua. Atanyamaza."

"Hilo ndilo ninaloliogopa."

Nilikubali kutunza siri, kwa sharti kwamba insha zangu zote za mwaka ule ataziandika yeye. Hakukataa.

Mwezi wa kwanza alikuja likizo. Hajavua hata buti, jirani yetu Tologon akaingia mbio.

"Daktari yupo? Ng'ombe wangu anashindwa kuzaa tangu alfajiri! Satar amekuja na chupa, nimemfukuza!"

Meder alinitazama. Nilitazama dari.

"Mwanangu, nenda," baba alisema, na sauti yake ilikuwa imevimba kwa fahari.

Akaenda. Nusu ya kijiji ilikuwa zizini tayari. Meder alivua koti, akabaki na kofia, akapaka mkono sabuni mpaka begani. Mguu mmoja wa ndama ulikuwa umekunjika ndani. Alimsukuma ndama nyuma taratibu, akaunyoosha mguu, akafunga kamba, akawa anavuta kila mara ng'ombe aliposukuma. Ndama alitoka hai. Ni kazi aliyoifanya kwa kondoo tangu ana miaka kumi, na kila aliyekuwa zizini alikuwa amemwona akiifanya. Lakini sasa walisema, "Mnaona elimu?"

Tologon alitandika meza. Kulikuwa na nyama, supu, na boorsok, vile vipande vya unga vya kukaanga, zimemwagwa meza nzima. Alisimama na bilauri, akasema maneno marefu juu ya vijana, sayansi na kijiji, akamalizia: "Meder, sema na wewe neno kwa kiapo cha taaluma yako."

Meder alisimama. Masikio yalikuwa mekundu.

"Mimi nasomea maktaba," alisema.

Tologon aliteremsha bilauri.

"Maktaba ya ng'ombe?" Tologon akauliza.

"Ya vitabu."

"Kwa hiyo unasoma vitabu," mama alisema, akijaribu kumsaidia.

"Hapana, mama. Naviweka."

"Unaviweka wapi?"

"Kwenye rafu."

Baba aliinuka, akatoka kwenda kuwalisha farasi. Farasi walikuwa wamekwishalishwa. Siku tatu zilizofuata farasi wetu walikula kuliko farasi wowote wa wilaya ile. Siku ya nne alisema sentensi moja: "Kesho tunakwenda Bishkek, utahamishwa."

Yaliyotokea huko nimesimuliwa mara mbili, na baba na Meder, na masimulizi yao yanalingana, jambo ambalo si la kawaida nyumbani kwetu. Waliingia kwa mkuu wa idara ya mifugo. Baba alieleza. Mkuu alikuwa mtu mwema. Akasema nafasi ipo, kijana ataanza muhula unaokuja, aandike jina hapa. Akamsogezea kalamu.

"Hapana," mtu mmoja alisema.

Baba aligeuka kutazama mlangoni ni nani ameingia.

"Hapana, baba," Meder alirudia. "Samahani. Sitaki." Mikono aliificha chini ya kofia ambayo, kwa mara ya kwanza, alikuwa ameivua.

Baba alimshukuru mkuu wa idara, akatoka, akakaa kwenye korido. Meder alikaa naye. Kengele ililia, wanafunzi wakapita, kengele ikalia tena.

"Toka lini hutaki?" baba aliuliza.

"Toka mwezi wa tisa."

"Na hukusema."

"Hukuuliza, baba."

Baba alilipima hilo. "Haya," alisema. "Nionyeshe."

Walishuka maktaba. Meder alimkalisha karibu na dirisha, akampelekea kitabu cha farasi wa milimani. Baba alikisoma kurasa arobaini bila kunyanyua kichwa.

"Huyu aliyeandika hajawahi kupanda farasi," alisema. "Lete kingine."

Alisoma mpaka walipofunga. Aliporudi kijijini, Tologon alimwuliza kijana sasa anasoma nini.

"Vyote," baba alisema.

Meder alimaliza miaka mitano. Mmoja wa wale wasichana ishirini na watatu wa darasani, Nurzada, alimwambia angependa waoane, akamwelekeza siku ya kuja kuleta posa, naye akaleta. Sasa ana mwaka wa kumi na tano katika maktaba ya wilaya, mji mdogo, mwendo wa dakika arobaini kutoka kwetu. Kijiji bado hakina daktari wa mifugo. Satar alikufa, ng'ombe wakaanza kupona wenyewe.

Mama, kila Meder akija, humwuliza kama kazini kuna joto. Kuna. Jiko la makaa linawaka tangu mwezi wa kumi, na wachungaji wakishuka mjini huingia kukausha buti zao. Meder huwaambia wasipige kelele, nao hubishana bei ya kondoo kwa kunong'ona.